Muuguzi Aliyeuchomoa Mto

Siku hizi wauguzi hutazama mashine kuliko mgonjwa, lakini huyu hutazama macho. Kila saa humulika kwa tochi mboni za mke wangu, ambaye virusi vimemvimbisha ubongo, kisha hukinyoosha kichwa chake kwa viganja viwili, taratibu, kama anayetua mtungi uliojaa. Nilipopenyeza mto chini yake, maana hivyo ndivyo tulivyouguza watu wetu zamani, aliuchomoa bila kunifokea.

"Babu, shingo ikipinda damu haishuki vizuri, na uvimbe unazidi kubana. Ukalie wewe."

Nikaukalia. Sauti yake haipandi hata dripu ikiziba. Hutia dawa, huandika, kisha humwinamia mgonjwa na kunionyesha mimi kwa kidole. "Bibi, huyu ni nani?" Siku nne mke wangu alimkodolea macho tu, nami nikajizoeza kutazama ukuta. Leo asubuhi akamuuliza vilevile. Mke wangu akanitazama kwa muda mrefu.

"Si mume wangu huyo. Mbona hajanyoa?"

Muuguzi hakucheka. Alisogea, akakikagua kidevu changu kwa makini.

"Kweli hajanyoa," akasema, akaandika.