Mashini Ilinipatia Bibi wa Pili

Siku ya posho, njo jumamosi, tarehe 12 ya mwezi wa kumi, 1985. Asubuhi mawingu yalijaa upande wa Mashamba lakini mvua ilikatala, ikatuachia joto na vumbi tu.

Naandika na haya bado iko mu uso, na sijui kama naandika vizuri, maana masomo yangu iliishia ku mwaka wa sita, lakini leo mbele ya mtaa yetu ya Kapata nzima nimeitwa mwanaume wa bibi wawili, na mi niko na bibi moja tu, na ule moja alikuwa ameketi pembeni yangu.

Niseme haki kwanza. Citoyen Kalala iko na akili. Yeye na mwenzake balifungua ateliye mu Dilala, ordinatere, njo ile mashini ya kuhesabu, inafika mu makartoni, bipande bipande, bao banaifunga hapa hapa, na programu ya dispensere yetu balitunga bao wenyewe, bila mzungu. Nilijivuna juu yao kama nilibazaa mi. Basi juma lililopita, Kalala alipoanza kuingiza familia mu mashini (asiyekuwa ndani hatapewa dawa), nilikuwa wa kwanza ku mlango.

Mutoto wangu Mbuyi aliingia vizuri. Kabanga, pacha yake, mashini ikamukatala: mutoto huyu amekwisha kuandikwa. Baba moja, mama moja, siku moja; kwa mashini ni mutoto moja.

«Kalala, haba ni mapasa!»

«Najua, Tata Shambuyi,» maana baba ya mapasa njo anaitwa hivyo kwetu. « Programu njo haijui. Tubadilishe kitu kidogo tu, tarehe ama jina ya mama.»

Tarehe nilikatala. Mapasa habatengwi siku, mama yangu angetoka mu kaburi. Nikasema, kwa Kabanga andika mama Albertine. Ni jina ya ubatizo ya Ngalula bibi yangu, ya mbele ya kuamriwa sote tuache majina ya wazungu. (Nilijiona hata niko mwerevu.)

Leo, fete, sherehe ya kufungua mashini. Komisere wa Chama iko mbele. Kalala anauliza nani anataka kuona familia yake ku ekrani, kioo ya mashini, na mi huyo, mukono juu! Komisere akainama, akasoma yeye mwenyewe, sauti kama ya misa:

«Citoyen Tshibangu,» njo jina yangu mu karatasi. «Bibi, wawili. Ngalula, mutoto Mbuyi. Albertine, mutoto Kabanga. Bamezaliwa... siku moja?»

«Siku moja, Tata!» moja akapaza sauti kule nyuma. «Ulikimbia toka kwa moja mupaka kwa mwingine na kinga, ile baiskeli yako, ama na miguu?»

«Na ku kwaya anasimama mbele!» Mama mwingine huyo. Bantu bakacheka mupaka benchi ikaanguka.

«Na huyu Albertine ni nani?» Komisere hakucheka. «Jina gani hiyo mu Zaïre?»

Nikisema kweli, namutia Ngalula mu matata ya jina. Nikinyamaza, anabaki bibi aliyedanganywa mbele ya bantu. Nilinyamaza, nakubali. Ngalula njo alisimama.

«Albertine ni mi, Citoyen Komisere. Nilibatizwa hivyo. Na mimba ilikuwa moja.»

Komisere akakohoa (haki yake, angeweza kutufanyia mubaya na hakufanya), akasema tu, «Murekebishe.»

Kalala akafuta Albertine. Kabanga akapotea naye.

«Mutoto iko wapi?»

«Programu haina kosa, Tata. Mama akienda, anaenda na mutoto wake. Tutairekebisha, labda mwezi ujao. Kwa sasa dawa ni ya Mbuyi.»

Haina kosa! Kalala ni mutu wa Kasai kama sisi, alicheza ngoma ya mapasa mu lupango yetu, pale nyumbani, akakula mbuzi yetu, halafu anatunga programu miezi mizima na mapasa habamupiti mu kichwa hata mara moja! Bitabu byake bilitoka Ulaya, sawa, lakini hata kule bamama banazaa mapasa. Uongo ni wangu. Lakini nani aliuomba?

«Futa na Mbuyi,» nikasema.

«Tata!»

«Unachopatia moja, unapatia na mwenzake. Unachonyima moja, unanyima bote. Futa.»

Kalala akamuangalia Ngalula. «Futa,» Ngalula akasema. Akafuta.

Sijui kama nilifanya vizuri; homa haingojei mwezi ujao. Lakini naapa, mashini ikikatala kweli yangu, sitaipatia tena uongo ili initikie. Kesho nakwenda Dilala, naketi mu ateliye ya Kalala mupaka aifundishe kuhesabu wawili.

Jioni tulikula bukari ya mahindi na sombe, majani ya muhogo. Pilipili ya Ngalula ilikuwa nyingi kupita siku zote. Nilikula, sikuuliza.