Ujumbe wa Fabiola Uliokataa Kufunguka

Mke wangu alinitumia ujumbe wa sauti wakati kaburi lake limeshaanza kuota majani.

Rudia kusoma ukitaka. Sijakosea kuandika.

Mimi ni mstaafu, naishi Mogitu, chini ya Mlima Hanang. Enzi zangu nilikuwa dereva wa mashine ya kuvuna ngano. Hapa kijijini ukisema tu "Isidori kasema", watu wanaanza kutabasamu kabla hujamaliza. Ni kweli niliwahi kuwaambia kwamba nililala kwenye usukani, nikaamka nimeshavuna shamba la mkoa wa jirani.

Hizo ni za kilabuni. Hii siyo.

Binti yetu Irene alipata mchumba, Gidahosh, kijana wa wafugaji wa Dirma. Kijana mpole, mrefu kama mlingoti, akikaa kwenye kiti chetu magoti yanamfika kidevuni. Mimi nilimpenda.

Mke wangu, Fabiola, akagoma.

"Hawasali wale," alisema. "Wajukuu zangu watabatizwa wapi, zizini?"

"Mama Irene, si utawabatiza wewe na ndoo."

"Nyamaza wewe, mzee wa uongo."

Irene naye akasema bila baraka ya mama yake haolewi na Gidahosh, na mwingine hamtaki. Nyumba ikawa baridi kuliko Mbulu mwezi wa saba.

Ndipo Fabiola akaaga. Anakwenda Dirma kwa dada yake Marieta, kumsaidia kuvuna. Kule kwa Marieta mtandao hakuna, mpaka upande kilimani.

Hakurudi. Presha. Alianguka jikoni asubuhi akichochea moto, basi. Tukamleta Mogitu, tukamzika.

Simu yake ilibaki kwa Marieta. Ilikuwa imefungwa kwa namba za siri, hakuna aliyezijua, ila tochi ilikuwa inawaka, kwa hiyo shemeji akawa anaichaji kwa sola na kuitumia kama taa.

Siku moja akaibeba kwenda mnadani Katesh. Ilipoingia penye mtandao, ujumbe uliokuwa umekwama ndani tangu Fabiola yuko hai ukachomoka. Ukaja kwangu.

Nilikuwa napukuchua mahindi. Simu ikalia. Natazama: Mama Irene. Ujumbe wa sauti.

Ungo ukaniponyoka. Kuku wakala mahindi yote, sikuwafukuza.

Nikabonyeza. Yakaja maandishi: toleo lako ni la zamani, sasisha simu yako kwanza. Nikaenda kwenye kusasisha. Ikaniambia hakuna sasisho.

Nikampigia Marieta kwenye simu yake. "Shemeji, hiyo simu ya marehemu usiiguse."

"Aa, shemeji, ondoa shaka. Nimempa fundi hapa mnadani aondoe lock. Kaifuta yote. Sasa iko safi kabisa."

Alisema kwa furaha, masikini. Hakujua kafuta nini.

Kwa hiyo sauti ya mwisho ya Fabiola ilibaki sehemu moja tu duniani: ndani ya simu yangu, simu isiyotaka kuifungua.

Nilipomwambia Irene, alikaa chini palepale mlangoni.

"Baba, mama alikuwa Dirma. Lazima amesema kitu kuhusu Gidahosh."

"Tutasikia."

"Usije ukaniambia kasema hivi au vile. Nataka niisikie mwenyewe."

Ananijua baba yake.

Sasa hizo simu, yangu na ya Fabiola, tulizinunua siku moja, meza moja, kwenye gari la kampuni ya mtandao lililokuja mnadani. Jina moja, rangi moja, nembo ya kampuni mgongoni kama chapa ya ng'ombe. Ya kwake ilikuwa inapokea masasisho kila mara. Ya kwangu, kimya. Siku zote nilidhani kampuni inapenda wanawake.

Nikapiga huduma kwa wateja. Akapokea binti mwenye sauti laini, nikamweleza shida yangu hata kabla ya salamu.

"Shikamoo mzee. Simu yako ni ya kundi la pili. Masasisho ya kundi hilo tumesitisha."

"Marahaba. Kundi la pili vipi, na tulinunua meza moja?"

"Nje zinafanana, mzee. Ndani vipuri ni vya viwanda tofauti."

"Basi aliyeitengeneza anitumie yeye."

"Hawezi, mzee. Simu yenye nembo yetu, sasisho lazima lipitie kwetu."

"Na kwenu halipiti."

"Ndiyo mzee. Kuna jambo lingine nikusaidie?"

"Binti yangu, hilo la kwanza bado."

Kule kwenye ngano, mashine ikigoma tulikuwa tunachinja nyingine ya rangi ileile, tunatoa kinachotakiwa, tunafunga, kazi inaendelea. Nikasema hata hizi simu ni hivyohivyo. Nikaifuata kwa Marieta ile ya Fabiola iliyofutwa, nikachukua na ya kwangu, tukaenda na Irene Katesh kwa fundi Kelvin.

Kelvin akazipima mkononi.

"Mzee, hawa ni mapacha wa nguo tu. Nikitoa programu ya huyu nikamwekea huyu, anaweza kuzima jumla."

"Nikiweka laini yangu kwenye simu ya mama?"

"Utaanza upya. Ujumbe umeshashukia kwenye hii yako, haurudii njia."

Nikamtazama Irene. Irene akaitikia kwa kichwa: afanye.

Kelvin akahangaika na waya na kompyuta. Kampuni ilikuwa imefunga mlango wa ndani, akauvunja. Simu ikawaka. Rangi zimegeuka, nyeupe imekuwa kijani, ukigusa kushoto inaitika kulia. Ila ujumbe ulikuwepo, na safari hii ulikuwa tayari kufunguka.

Kelvin akabonyeza. Kimya.

"Spika ya kundi la pili haijui programu hii," akasema. "Jaribu sikioni, mzee."

Nikaweka sikioni.

Akaongea. Kwa Kiiraqw chetu, taratibu, kama yuko chumba cha pili. Ndugu zangu, nilijua natakiwa nimpe Irene. Mkono ulikataa kushuka.

Ulipoisha nikampa. Simu ilikuwa ya moto kama kiazi kilichotoka jivuni. Alipoifikisha sikioni, kioo kilikuwa cheusi.

Kelvin akajaribu mpaka jasho likamtoka. Haikuwaka tena. Haijawaka mpaka leo.

"Kasema nini?" Irene akauliza.

"Kasema alikwenda kwao Gidahosh, kimyakimya. Kakaa na mama yake. Kapewa maziwa ya kibuyu, kayanywa yote. Kasema wale ni watu, na amekubali. Akasema nisikuambie, anataka akuambie mwenyewe Jumapili akirudi."

"Mama na maziwa ya kibuyu? Mama aliyekuwa anakimbia harufu yake?"

"Ndivyo alivyosema, mwanangu."

"Baba, ungeniambia alikataa, ningekuamini."

Kelvin akainamia bisibisi zake. Yeye hakusikia kitu, na hata angesikia, Kiiraqw hakijui.

Nilitaka kwenda Dirma kumuuliza mama Gidahosh. Irene akanizuia, akasema nisimwaibishe marehemu kwa watu. Na wenyewe walikuwa wameshahama na mifugo kufuata majani. Irene akaenda Mbulu mjini, akapata kazi ya kushona. Gidahosh alimsubiri msimu mzima, kisha wazee wake wakamtafutia mke.

Mwaka huu Irene alishuka Katesh siku ya mnada kuuza magauni. Mchana akanipigia kwenye simu yangu mpya.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama."

"Nimekutana na mama yake Gidahosh. Kasema mama alifika kwake. Alikunywa kibuyu chote, ili mwenyeji asijisikie vibaya."

"Mbona hakusema siku zote hizo?"

"Kasema mgeni kanywa maziwa yake, kesho yake kafa. Angefungua mdomo, tungesema kamroga."

Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Baba, nirudie alivyosema. Vilevile, kwa Kiiraqw."

Nikamrudia. Nilipofika pale pa Jumapili alisema, "Hapo, tena." Nikarudia tena. Nyuma yake nilisikia mnada, ng'ombe wanalia, watu wanapatana bei. Mke wa Gidahosh ni mjamzito sasa.

Wadogo zangu mnaosoma hapa, ukinunua simu usiangalie rangi na jina. Uliza ndani kuna nini, na uliza funguo anabaki nazo nani. Ukishalipa utadhani ni yako, kumbe kuna mtu ofisini, hajawahi kukuona, ndiye anayeamua lini itaacha kukuelewa.

Na kama una neno jema la kumpa mwanao, usilitunze mpaka Jumapili.