Jiwe Lililomshika Aama

Utotoni mwangu, pale kwetu Tumati, mvua ya kwanza ya mwaka ilinipa kazi, na kazi hiyo niliipenda kuliko kucheza. Ikinyesha tu na kukatika, Aama alinituma kung'oa majani mabichi kando ya shamba. Aama ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kiiraqw, na huyu alikuwa mama mzazi wa baba yangu. Nikirudi na majani, watu wote wa nyumbani walitoka wakasimama mbele ya jiwe moja lililokuwa karibu na mlango wa zizi, jiwe kubwa kama ndama aliyelala, lenye tundu ubavuni. Kila mtu aliweka majani yake juu ya jiwe. Kisha mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa mdogo kuliko wote, niliuliza kwa sauti: "Baba, jiwe hili ni la nini?"

Siku za kawaida Baba alikuwa mtu wa maneno machache, lakini hapo aligeuka msimuliaji. Alisema kwamba alipokuwa bado ananyonya, mama yake alitoka naye kwenda bondeni kuchukua magadi ya ng'ombe. Wakati wa kurudi, akiwa katikati ya korongo, maji yalishuka kutoka mlimani kwa ghafla. Alisombwa yeye, mzigo wake na mtoto mgongoni. Mkono wake ukaingia kwenye tundu la jiwe, akaning'inia hapo mpaka maji yalipopungua na wanaume wakaja kumtoa. Mwaka uliofuata babu alilikokota jiwe lile kwa maksai hadi nyumbani, ili mtoto akikua asije akasahau ni nani aliyemtoa majini.

Aama alisikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda chake, na hakumwachia Baba apite na neno hata moja lisilo lake. Mwaka mmoja Baba alinogewa akasema, "Mama akamwomba Mungu..."

"Hapana," alisema Aama. "Sikuomba. Nilikuwa nautukana mto. Sema nilitukana."

Sisi watoto tulicheka mpaka tukashika mbavu, lakini yeye hakucheka. "Looaa alinishika nikiwa na matusi mdomoni," alisema. "Ukiwaambia niliomba, watadhani niliokoka kwa sababu ya maneno yangu. Anza tena." Looaa ni jina la Mungu kwa lugha yetu, na ndilo hilo hilo tulilokuwa tukiliimba kanisani. Baba alianza tena, na safari hiyo akaweka matusi mahali pake.

Kulikuwa na upande mwingine wa jambo hili, ambao Aama aliniambia tukiwa wawili tu tunachambua maharage. Ndani ya maji, alisema, wanakaa netlaame, roho wa mito na chemchemi, na hao hawasahau mtu aliyewaponyoka. Kila mvua inapoanza wanapanda kumtafuta. Wakifika zizini na kuona jiwe lina majani mabichi, wanajua mtu huyu ana mwenyewe, wanarudi. Niliamini yote, na niliamini pia kwamba swali langu lilikuwa sehemu ya kinga hiyo. Nilijiona mtu muhimu sana, maana baba yangu alikuwa hai kwa sababu nilikuwa nauliza.

Nilipokuwa darasa la pili ulikuja mkutano wa uamsho. Aliletwa mwinjilisti kijana kutoka mbali, mwenye sauti nzuri na viatu visivyofaa kwa tope letu, akahubiri kwamba vitu vya mila viondolewe kwenye maboma ya Wakristo. Wakati huo Baba alikuwa anatajwatajwa kwamba atachaguliwa mzee wa kanisa. Koti la kuvaa siku hiyo alikuwa ameshalinunua. Watu nao walikuwa wameanza kunong'ona kuwa nyumba ile bado inaabudu jiwe. Jumamosi moja mchana tuliwasikia wanapanda njia ya kwetu wakiimba, mwinjilisti mbele, kwaya nyuma.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Aama kwa heshima zote.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Kisha akamgeukia Baba, akanyoosha kidole zizini. "Mzee, jiwe hili ni la nini?"

Lilikuwa swali langu, vile vile nilivyokuwa naliuliza. Nilifurahi sana. Nilisogea mpaka ubavuni kwa Baba ili nisikie vizuri, kwa sababu nilijua sasa ataanza na magadi, aje kwenye mafuriko, afike kwenye tundu, na huyu kijana wa watu ataona haya, labda hata ataomba jani aweke na yeye. Nilimtazama Aama. Na yeye alikuwa amenyanyua uso akingoja, kama tulivyozoea.

Baba alilitazama jiwe, akawatazama wanakwaya waliosimama wakijifuta jasho.

"Hayo ni mambo ya mama," alisema. "Mambo ya mila. Mimi siyajui."

Nilidhani amekosea, nikauliza mimi. "Baba, jiwe hili ni la nini?" Mama yangu alinivuta kwa nyuma na kuniziba mdomo, taratibu tu, bila kuniumiza. Baba hakunitazama. Alikwenda mwenyewe ghalani akaleta nyundo ya kuvunjia mawe, akapiga yeye kwa mkono wake, na jiwe lilianza kupasuka pale pale kwenye tundu. Kwaya iliimba wimbo wa ushindi. Vipande walivibeba wakaenda navyo.

Walipoondoka Aama alimwendea. Alikunja upande wa shuka akamwonyesha mkono wake wa kulia, uliokuwa na kovu kutoka kwenye kiwiko mpaka karibu na bega.

"Umesema huyajui," alisema.

"Mama, tutaongea baadaye."

"Hakuna baadaye. Maji yatakurudia, mwanangu. Na siku hiyo hutakuwa na pa kushika."

Neno "kusalitiwa" nilikuwa bado sijalijua. Nilijua tu kwamba sitaki kula meza moja na baba yangu. Alikuwa amenifundisha kisa kile yeye mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, na mbele ya wageni alisema hakijui, tena akasema akiwa amesimama karibu na mama yake aliyembeba mgongoni. Kama angelikataa jiwe na kusema ukweli wake, labda ningeelewa. Alichokataa ni kile ambacho Mungu alimfanyia, na alikikataa ili achaguliwe mzee wa kanisa la Mungu huyo huyo. Alichaguliwa.

Mvua zilipoanza nilikosa raha. Kila Baba alipovuka korongo kwenda mashine ya kusaga, nilisimama zizini kumngoja. Hakuna majani, hakuna jiwe, na netlaame bila shaka walikuwa wameshaona. Baba alirudi kila mara, buti zimejaa tope, akiuliza kama chakula kiko tayari. Nilishukuru, na kesho yake nilikasirika. Baada ya miaka michache nikaanza kumkasirikia na Aama pia, kwa sababu alinitisha na jambo ambalo halikuja. Alifariki wakati wa kiangazi akiwa hajalitaja tena jiwe lile. Nikakua, nikaolewa Masakta, huku Hanang, na kila nilipokumbuka nilijiambia kuwa ni imani za wazee tu.

Mwaka jana kanisa letu la Tumati lilifanya sherehe ya kumbukumbu ya kuanzishwa kwake. Nilikwenda na mwanangu Elia. Walikuwa wamejenga mnara mdogo wa saruji mbele ya mlango, umepakwa rangi ya bluu, ili vizazi vijavyo vikumbuke matendo makuu ya Mungu. Sikucheka, ingawa kicheko kilinijia. Baba, ambaye sasa ni mzee wa mvi na fimbo, aliitwa mbele kutoa ushuhuda. Alipewa kipaza sauti, simu zikainuliwa kurekodi, naye akaanza na magadi.

Nilimshika Elia mkono nikamwambia asikilize, kwamba hiki ndicho kisa chetu. Maji yakashuka. Mama yake akasombwa. Halafu akasema kwamba ng'ambo ya korongo alikuwepo mwinjilisti wa kwanza wa eneo lile, akainua mikono juu, na mama yake akapiga magoti akaomba, na maji yakapungua saa ile ile. Watu walisema amina, wengine walilia. Mimi nilikuwa nawaza mtu anapigaje magoti kwenye mto uliofurika. Na siku zile hakuna mwinjilisti aliyekuwa amefika upande wetu. Jiwe hakulitaja.

Jioni tukiwa tunakunywa chai nyumbani nilishindwa kuvumilia. "Baba, Aama hakuomba. Alikuwa anautukana mto. Alikuwa anakusahihisha kila mwaka."

Aliniangalia kwa upole. "Aliomba, mwanangu. Bibi yako alikuwa mtu wa maombi sana. Wewe hukuwepo. Mimi nilikuwepo, nilikuwa mgongoni."

Nilitafuta uongo kwenye uso wake sikuupata. Elia naye alikuwa anatutazama kwa zamu, na nilimwona anachagua. Alichagua aliyekuwepo, kama mtoto yeyote mwenye akili.

Usiku huo sikuweza kulala, na nililia kwa ajili ya Aama kuliko nilivyolia kwenye mazishi yake. Aliposema maji yatamrudia Baba, nilifikiri alikuwa anaogopa mto. Sasa naona kwamba mto ulimrudia Baba polepole, akiwa mahali pakavu kabisa, ukamchukua na kisa chake, na hapakuwa na tundu la kuingiza mkono. Mungu aliyemshika mwanamke mwenye matusi mdomoni hakuna anayemkumbuka tena Tumati isipokuwa mimi, na mimi sina cha kuonyesha.

Bado naenda kumsalimia Baba. Namwamkia shikamoo, nampelekea sukari na majani ya chai, tunacheka. Lakini jambo lile sijalisamehe, na siwezi hata kulisema. Aliyeinua nyundo alijua anachokivunja, na huyo ndiye ningemtaka aniombe msamaha. Huyu mzee ninayemmiminia chai hajui chochote.