Fungate Yetu Haiishi, na Uwakili wa Mume Wangu Unaponyoka

...lakini kama nilivyojibu kwenye komenti za yule dada aliyeandika humu juzi, mimi ndoa siijutii hata kidogo. Ninachojutia ni ulimi wangu. Admin, nifichie jina.

Nina miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Mombasa, niliishia kidato cha nne. Naishi Guangzhou, China, mtaa wa Dengfeng, nanunua nguo na kuzituma nyumbani. Nimeolewa juzi tu, na jamani, mume wangu ni mtamu! Akicheka nasahau nilichokuwa nikisema. Tukienda sokoni Shisanhang ananibebea mizigo huku akiniimbia, mpaka wauza nguo wa Kichina wanatucheka.

Shida ni kwamba yeye si mfanyabiashara. Alisomea sheria, na sasa anajifunza kazi Mombasa kwenye ofisi ya wakili mmoja, mama mtu mzima tunayemwita Bi Wakili. Lazima amalize mafunzo yale na Bi Wakili amtilie sahihi, ndipo aapishwe awe wakili. Tulipooana alipewa ruhusa ya wiki mbili aje huku tule fungate.

Wiki mbili zilipokwisha nililia kama mtoto. WhatsApp huku haifunguki hivi hivi, na simu yenye VPN ya kuifungulia ni yangu, kwa hiyo salamu zote za nyumbani hupitia kwangu. Bi Wakili akatuma sauti, anacheka: "Mwanangu, fungate ni siku saba! Nyinyi mnakula ya ukoo mzima? Mwambie mumeo arudi, faili zinamngoja."

Mume wangu akauliza, "Bi Wakili anasemaje?"

"Anasema usiwe na haraka."

Akanibusu mkono. "Yule mama ana roho nzuri sana."

Nilisema nitamwambia kesho. Kesho zikawa nyingi. Jumamosi Bi Wakili akatuma sauti nyingine, na safari hii hakucheka. "Binti, mwezi ukiisha kiti chake nampa mwanafunzi mwingine. Mumeo nampenda, lakini kazi haimngoji mtu." Akikikosa kiti kile, ataanza upya kutafuta wakili wa kumfunza. Nikaifuta sauti ile.

Mchana wake tukawa Shisanhang, mume wangu akashika suti nyeusi. "Hii ndiyo ya siku ya kuapishwa." Laoban, mwenye duka, akaja mbio. Nikaikumbuka sauti niliyoifuta, nikamkatiza, "Bu yao, bu yao!" Hatutaki. Mume wangu akacheka: "Mke wangu, hata suti wanibania?" Akainunua.

Jana akaivaa chumbani, akasimama wima, akaninyooshea kidole. "Mheshimiwa Jaji, mteja wangu huyu hana hatia!" Tukacheka mpaka nikatokwa na machozi. Akadhani ni furaha.

Nampenda mno, ndiyo maana nilimzuia, na ndiyo maana sasa naona haya kumtazama. Nyinyi mliotangulia kwenye ndoa, nielekezeni: neno hili nalianzia wapi, na akikasirika nimshikeje?

Msiniambie ninyamaze, kwa sababu nimeshajifungia njia. Asubuhi hii, yeye akiwa bafuni anaimba, nimemtumia Bi Wakili sauti: "Mama, kosa ni langu, si lake. Usimpe mtu kiti chake. Tutakuja ofisini kwako, sote wawili, kabla mwezi haujaisha."