Fundi Velibor na miaka saba ya kupasha joto vyumba visivyo na mtu

Saa mbili asubuhi, theluji imeziba njia ya kuingia uani, na fundi Velibor Stamenić amepiga magoti katika chumba cha ghorofani nyumbani kwa Stanija Petrić. Mkono wake wa kulia, kwa upande wa nyuma wa kiganja, unateremka polepole kwenye rejeta, zile mbavu za chuma ukutani zinazopitisha maji ya moto ili chumba kipate joto.

Anaanza juu. Siku zote anaanza juu.

"Huku barafu," anasema. Mkono unashuka. "Hapa vuguvugu. Chini moto. Mama Stanija, una hewa humu."

"Hewa gani wewe? Madirisha nimeyafunga tangu Oktoba!" anajibu mjane huyo wa miaka 74, amesimama mlangoni na sinia la kahawa.

"Hewa ya ndani ya bomba, mama. Imepanda ikajikalia huku juu, maji hayana pa kupita."

Zimebaki siku tatu kufika Krismasi ya Waorthodoksi wa huku, ile ya Januari 7, na Stanija ana haki ya kuhangaika. Mwanawe Dalibor, dereva wa lori huko Austria, anakuja na mke na watoto wawili. Mwaka jana walikaa usiku mmoja tu, wakafunga mizigo kwa sababu watoto walikuwa wanatetemeka.

"Wakiondoka tena kwa baridi, hawarudi," anasema. "Nawajua. Watasema tutaonana kwenye simu."

Katika vijiji hivi vya bonde la Mlava, mashariki mwa Serbia, karibu kila nyumba ina ghorofa ya juu, na ghorofa hiyo ni ya mtoto aliyeko ng'ambo. Wazazi wanaishi chini, tena jikoni hasa. Juu kuna makochi ambayo hayajavuliwa nailoni tangu yanunuliwe. Rejeta za juu hufungwa ili kuni za boila, tanuri linalochemsha maji hayo, zisiishe, kisha hufunguliwa wiki moja kabla ya sikukuu, na hapo ndipo simu ya Velibor inapoanza kulia mfululizo.

"Wiki hii peke yake nina nyumba kumi na tisa," anasema fundi huyo mwenye miaka 62. "Zote kilio kimoja. Chini moto, juu baridi."

Malipo yake ni dinari elfu tatu kwa nyumba, na hazitoshi hata nusu mita ya ujazo ya kuni. Wasio nazo humpa soseji, naye hupokea bila kununa.

Anaweka kopo tupu la maharage chini ya rejeta, anafungua kidogo koki ya kutolea hewa. Hewa inatoka kwa mlio mrefu, halafu koki inatema maji meusi. Anafunga. Baada ya muda vyumba viwili vimepata joto, lakini cha mwisho, kile cha watoto, bado hakina habari.

Velibor anashuka jikoni, anagusa rejeta za chini moja moja, anatikisa kichwa.

"Maji ni mavivu, mama. Yanatoka kwenye boila, yanazunguka hapa kwako, yanarudi zake. Kule mwisho hayafiki. Hizi za chini itabidi nizibane koki."

"Kwa hiyo mimi nife kwa baridi?"

"Hufi. Utavaa soksi."

Stanija anatazama meza yake, ambayo tayari ina sufuria la kabichi chachu zilizoviringishiwa nyama, chakula cha watu ishirini kwa wageni wanne.

"Basi zibane kabisa," anasema. "Ni wiki moja tu. Mimi nitalala na koti."

Velibor, ambaye asubuhi nzima alikuwa akimtania, hacheki. "Sizibani kabisa. Nusu mzunguko inawatosha wote. Usiniambie tena habari ya koti."

Anakaa kwenye ngazi kungojea maji yapande. Hapo, bila kuulizwa, anaanza kusimulia.

"Mimi ndiye niliyemlaza mjukuu wangu kwenye baridi. Mimi, si mtu mwingine."

Ilikuwa Januari, miaka saba iliyopita. Mwanawe wa pekee, Slaviša, alikuwa anakuja kutoka Austria na mkewe Marina kumleta mtoto wao wa kwanza, Tijana, mwenye miezi mitano. Asubuhi ya siku hiyo Velibor alifungua rejeta za juu, zilizokuwa zimefungwa tangu baridi ilipoanza. Kabla hajamaliza, simu ikalia: kwa jirani bomba limepasuka, maji yamejaa sebuleni.

Aliinama kufunga kamba za buti pembeni ya rejeta. Akaigusa palepale alipoinama, chini. Ilikuwa moto.

"Nikamwambia mke wangu, Ljubinka, ghorofani joto limekolea, watandikie kitanda. Nikaondoka. Sikugusa juu. Fundi wa miaka thelathini kazini, sikugusa juu!"

Wageni walifika jioni baada ya safari ya saa kumi na moja. Velibor alirudi amechoka, akala, akambeba mtoto, akalala chini. Slaviša aliona chumba kina baridi, lakini hakutaka kumwaibisha baba yake mbele ya mkewe, akanyamaza na kuongeza blanketi. Kulipokucha kipimajoto cha chumba kilisoma nyuzi tisa. Mtoto alikuwa anakohoa.

Nimonia ilimweka hospitalini siku kumi na moja. Alipona. Siku ya kutoka, Marina alimweka mtoto kwenye gari wakaenda moja kwa moja Austria, bila kupita nyumbani kuchukua nguo zilizobaki. Ljubinka alizifua, akazipiga pasi, akazituma kwa posta.

Ljubinka alifariki miaka minne iliyopita. Mjukuu wake alimjua kwa simu tu. Slaviša alikuja mazikoni peke yake.

"Nilikuwa nimewasha juu tangu asubuhi. Rejeta zote tano moto, mpaka juu kabisa, nimezigusa mwenyewe. Akaniambia, usijisumbue baba, nitalala kwa shangazi."

Anajifuta pua kwa mkono wa sweta. Inauma kumtazama mtu mzima akisimulia jambo hilo kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma risiti.

Tangu Marina aondoke na mtoto, hajazifunga tena rejeta za juu nyumbani kwake. Kuanzia Oktoba hadi Aprili ghorofa nzima ina joto, na hakuna anayelala humo. Mita sita za kuni zingemtosha kwa msimu. Yeye anachoma kumi na nne, na sehemu kubwa ya pensheni yake inaishia kwenye boila. Majirani wanasema anawapashia joto panya. Kilabuni wakimtania hivyo, hulipa kahawa yake akaondoka.

Simu inalia mfukoni. Velibor anaitazama na uso unambadilika. Slaviša hupiga Jumapili, na leo ni Jumatano.

"Kuna nini? Mtoto?"

"Hapana baba, wote wazima." Velibor ameiweka simu kwenye spika kwa sababu masikio yameanza kumsaliti, na maneno yanasikika ngazini kote. "Ni hiki chumba cha Tijana. Nilikwambia tumehamia nyumba ya ghorofa. Rejeta yake huku juu haipati moto, na fundi wa huku anasema mpaka wiki ijayo. Sasa Marina... Marina ndiye aliyesema nikuulize wewe."

Velibor anainuka ngazini.

"Mpe Tijana simu."

"Babu?"

"Ee, mjukuu wangu. Weka mkono kwenye rejeta. Upande wa nyuma wa mkono, usije ukaungua. Anzia juu. Juu kabisa."

"Baridi."

"Teremsha."

"Baridi. Bado baridi... Au! Hapa chini inachoma!"

Velibor anafumba macho. Ndiyo majibu yaleyale, neno kwa neno, ambayo angeyapata siku ile kama angegusa juu.

Kisha ufundi unamrudia. Anamwagiza Slaviša azime boila kwanza, angoje maji yatulie, aweke kitambaa na bakuli chini, atafute koki ndogo ya juu pembeni.

"Robo mzunguko, kushoto. Usiitoe yote, utaogelea. Umeweka uso pembeni?"

"Baba, nina miaka thelathini na nane."

"Weka uso pembeni."

Hewa inaanza kutoka, na mlio wake unasikika katika simu mpaka jikoni kwa Stanija, aliyesimama na sahani mkononi asijue pa kuiweka. Unaendelea kwa muda mrefu. Halafu sauti ya mtoto: "Maji! Babu, maji yametoka!"

"Funga. Sasa shuka, Slaviša, uangalie mshale wa presha. Mshale umeshuka? Ongeza maji kidogo. Basi, inatosha. Washa."

Dakika ishirini hakuna anayekata simu. Tijana anamweleza babu yake kuhusu jino lililong'oka na mbwa wa jirani. Kahawa inapoa. Mwishowe Velibor anamwambia aweke mkono tena.

"Juu, babu?"

"Juu."

"Moto! Babu, juu pia ni moto!"

Huko Austria, Slaviša anachukua simu. "Asante, baba. Sikia, tumeongea na Marina hapa. Tutakuja Agosti. Wiki mbili nzima."

"Karibuni," anasema Velibor. "Karibuni sana, mwanangu."

Simu ikishakatika, Stanija anafanya ishara ya msalaba. "Umesikia? Wanakuja! Sasa unalia nini wewe mzee?"

"Agosti, mama. Agosti huku ni joto kali, hakuna anayewasha moto."

Anapanda chumba cha watoto cha Stanija. Anaweka mkono juu ya rejeta, anauteremsha hadi chini. Moto mwanzo mpaka mwisho. Anakusanya spana zake, anakataa pesa, anakubali sufuria dogo la kabichi.

Nyumbani, kabla hajavua koti, anatia kuni kwenye boila na kupanda juu. Anaonyesha kitanda alichomtandikia Tijana, kidogo, chenye foronya mpya. Wakija Agosti, anasema, atawachinjia mwanakondoo na kumfundisha Tijana kuogelea mtoni, na atashukuru.

"Lakini Agosti mtu hulala hata uani," anasema, mkono ukiwa juu ya rejeta. "Mimi namngojea aje Januari. Usiku mmoja tu. Alale humu, na asubuhi ashuke ngazi miguu mitupu."