Nani Alikuwa Anaiba Mafuta ya Breki?

Jamani, trekta letu lilikuwa linakunywa mafuta ya breki kama mlevi aliyealikwa harusini.

Kikopo cha mafuta hayo, kule ndani ya boneti, kinajazwa asubuhi. Kesho yake, nusu. Ukichungulia chini, hakuna hata tone.

Cheka sasa hivi, maana huko mbele hapachekeki.

Trekta ni la baba mdogo, kuukuu, rangi yake imebaki kwenye picha tu. Dereva ni shemeji yangu, mume wa dada. Mtu wa maneno machache. Ukimsalimia anakujibu kwa nyusi.

Pedali ilipoanza kuzama tulihangaika sote. Tukatoa upepo kwenye mabomba: mimi nakanyaga, yeye analegeza nati kule nyuma.

"Kanyaga! Shikilia! Achia!"

Mpaka goti likalia. Tukapangusa kila kiungo. Tukatandaza maboksi uvunguni kote tuone panapovuja. Asubuhi maboksi yamekauka kau.

"Basi kuna jini linakaangia samaki," nikasema.

Baba mdogo hakucheka. Akatazama kikopo, akatazama maboksi, akamtazama shemeji.

"Mafuta hayana miguu. Yana mtu."

"Baba, mimi ndiye ninayeyaongeza kila asubuhi."

"Naam. Na paka ndiye anayelala jikoni."

Akaleta mnyororo na kufuli, akafunga boneti. Ufunguo akautia mfukoni.

"Sasa tuone."

Shemeji akaendelea kubeba mavuno. Mwanzo alikuwa anapiga pedali mara mbili ndipo ishike. Kisha tatu. Kisha hata hakuhesabu tena.

Nikamwambia, "Shem, omba boneti ifunguliwe uongeze mafuta."

Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole.

"Niombe mimi? Aliyeitwa mwizi aombe ufunguo?"

"Basi nikuombee."

"Atasema nimekutuma. Acha, nitashuka na gia ndogo. Mungu yupo."

Siku ile tulikuwa ghalani, mimi, dada na wapakuzi, tunasubiri mzigo. Trekta likatokea juu ya mteremko, tela limejaa mahindi mpaka pomoni.

Katikati ya mteremko gia ikachomoka.

Nilimwona amesimama wima juu ya pedali, uzito wake wote. Trekta wala halikujali.

Akakata usukani upande wa korongo.

Upande wa pili tulikuwa sisi.

Tela likamfuata.

Baada ya maziko trekta likavutwa mpaka ghalani, fundi akaitwa. Baba mdogo mwenyewe akafungua kufuli. Kikopo kitupu.

"Kaiba nani tena, na ufunguo ninao mimi?"



Fundi akazunguka nyuma, akalegeza nati ya kupimia oili ya giaboksi. Oili ikabubujika, nyepesi, nyingi kupita kiasi, ikamlowesha mpaka viwiko.

"Mwizi wenu huyu hapa," akasema. "Breki za hili zimekaa humu ndani. Mpira wa kuzibia umekufa, mafuta yanavujia kwenye giaboksi. Chini mngeona nini? Lilikuwa linasimama kwa sababu kuna mtu alikuwa anaongeza kila siku."

Baba mdogo akakaa chini, palepale kwenye oili.

Dada alikuwa amesimama mlangoni pa ghala na kanga yake ya msiba. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Kwa hiyo baba, alikuwa anatulinda, ukamfungia."



Wenzangu mliofika hapa, shikeni hili moja. Ukishamwita mtu mwizi, hata moto ukiwaka hatakuja kukuomba ndoo. Atauzima kwa viganja, na atateketea.