Umezima Jiko, Baba?

Mwaka ule nilikuwa kero kwenye simu. Asubuhi kabla sijafungua kibanda changu cha ushonaji pale Handeni, mchana wateja wakipungua, na jioni nikiosha vyombo, nilimpigia baba yangu huko Korogwe kumuuliza kama amezima jiko. Alifika mahali akawa haningojei nimalize salamu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimezima."

"Mbona sijauliza?"

"Basi uliza, mama, nikujibu nimezima."

Huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Nilicheka, tukaagana, na dakika hiyo hiyo wasiwasi ukarudi. Je, kama anasema amezima kumbe hajazima? Je, kama amezima halafu akawasha tena baada ya simu? Nilikuwa nikiinuka, naenda mlangoni, narudi, naichukua simu, naiweka. Siku moja niliushona mguu wa suruali ya mteja nje ndani, nikaufumua, nikaushona tena vile vile. Mama ninayegawana naye kibanda aliniambia nina kiherehere cha mama mwenye mtoto anayetambaa. Nilimjibu kwa ukali kwamba huyo anayetambaa angalau unaweza kumfunga mgongoni.

Baba alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba za kambi ya zamani ya mkonge, nje kidogo ya mji. Babu yangu alifika huko kama manamba, kibarua wa mkataba kutoka kusini, akakata mkonge mpaka mgongo ukamgomea. Baba yeye hakukata. Aliingia korona, kile kiwanda ambamo majani ya mkonge husagwa zikatoka singa, zile nyuzi zake, akawa mtu wa mashine hadi alipostaafu. Mpaka leo hapo kambini hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Fundi tu, kuanzia watoto hadi wazee wenzake.

Mama alipofariki, baba alijifunza kupika kwa mkaa, na kwa kweli hakupika vibaya. Kilichotutia hofu ni siku moja ya mvua za masika. Aliingiza jiko la mkaa chumbani apate joto, akafunga mlango na dirisha, akajilaza. Jirani yake alipoona mlango haufunguliwi alisukuma akaingia, akamkuta anatapika, macho yamemlegea, hawezi kusimama. Kidogo tu tumpoteze.

Kaka yangu, ambaye yuko Dar es Salaam na ndiye mkubwa, hakutaka mjadala. Alisema nimchukue mzee nikae naye Handeni. Nami nilikwenda Korogwe na nia hiyo, nimebeba begi kubwa tupu la kutilia nguo zake. Baba aliliangalia lile begi, akaniangalia mimi, akaniuliza lina nini. Nikamwambia halina kitu.

"Basi rudi nalo hivyo hivyo."

"Baba, ulikuwa unakufa."

"Kwako nitakuwa nani?" akasema. "Hapa nikitoka nje naitwa Fundi. Kwako nitakaa kwenye kochi, nangoja chakula kiive. Nitakuwa mgeni asiyeondoka."

Tuligombana. Nilisema maneno mengi, mengine hata hayakuhusu jiko. Mwisho wa yote tulipatana, na mapatano yaliwekwa na kaka kwa simu niliyoiweka sauti kubwa ili sote tusikie. Atanunua jiko la umeme la induksheni, lile la kioo lisilotoa moto wala moshi. Baba akiweza kulitumia vizuri, anakaa kwake. Likimshinda, anahamia Handeni bila maneno. Baba alisema sawa, kwa sauti ya mtu aliyeamsha mitambo mikubwa kuliko hiyo.

Jiko lilifika kwa basi likiwa kwenye boksi, nami nikaenda kumfundisha. Shida ya kwanza ilikuwa sufuria. Zote za alumini zilikataliwa. Ukiiweka, jiko linalia pii, pii, kisha linajizima lenyewe. Nilimweleza kwamba linataka chombo kinachoshika sumaku. Baba akaenda nyuma ya nyumba, akabomoa spika ya redio mbovu, akarudi na sumaku yake, akaanza kupita jikoni anagusa kila kitu. Ilishika kikaango kimoja na sufuria moja nzito ya mama. Nyingine zote alizigeuza zikaangalia ukuta, kama amezikasirikia.

Ya pili ilikuwa vidole. Vitufe vya jiko lile havibonyei. Ni alama tu kwenye kioo, unagusa. Na vidole vya baba, kwa miaka yote ile ya korona, ncha zake zimekuwa ngumu kama kwato. Anagusa, jiko halimtambui. Anagonga kwa ukucha, halimtambui. Alianza kulowesha kidole kwa mate, nikamkataza, maana majimaji kwenye vitufe huweza kulifanya liwake au liongeze moto bila kuambiwa. Nilimwonyesha kulaza kidole, kutumia ile nyama ya chini, na kutulia kidogo. Likaitika. Aliangalia kidole chake kwa mshangao.

Mengine aliyashika haraka, na hapo ndipo nilipoanza kuidharau hofu yangu. Nilimwambia kioo chenyewe hakiwaki lakini hupata joto la sufuria, kwa hiyo akishaondoa chombo asiguse. Nilimwambia asiache kijiko, kisu wala mfuniko juu yake, kwa sababu jiko haliulizi kama hicho ni chakula. Mafuta yakiwa kwenye kikaango, asitoke nje hata akiitwa. Nilimwonyesha saa ya jiko: unaiwekea dakika, zikiisha linajizima, hata kama umepitiwa na usingizi. Akizima, feni ya ndani huendelea kuvuma. Asikimbilie kuchomoa waya, aiache imalize. Hilo la feni lilimfurahisha sana. Alisema mashine yoyote ya maana hupoa taratibu.

Nikatoka kuchota maji bombani. Niliporudi, jiko lilikuwa limezimwa vizuri, sufuria imewekwa pembeni, na juu ya vitufe palikuwa na kofia yake.

"Baba! Kitambaa juu ya kioo cha moto?"

"Hiyo ni alama," akasema, bila hata kunigeukia.

Kule korona, alinieleza, mtu akitaka kuingiza mkono kwenye mashine atoe singa zilizonasa, huzima kwanza, kisha huvua kofia yake na kuitundika kwenye swichi. Hakuna mwanamume aliyethubutu kugusa swichi yenye kofia ya mwenzake. Kofia ikiwa pale, mkono wa mtu uko ndani. Ameishi hivyo mpaka kichwa kikaota mvi, na sasa hata pasi akiizima huitundikia kofia.

Mimi niliona moto tu. Niliona kofia imeungua, pazia limeshika, nyumba imekwenda, na kaka ananiuliza nilikuwa wapi. Nikapaza sauti. Kisha nikaona kile kitufe chenye alama ya kufuli na nikadhani nimepata dawa. Nikamwambia hiki ndiyo kofia ya jiko hili. Akigusa hapa, jiko linafungwa, hata paka akirukia juu haliwaki, hata ukipangusa kioo halibadiliki. Kulifungua, anashika kitufe hicho hicho, hakiachii, mpaka lilie. Alifanya mbele yangu, likajifunga, likafunguka. Akavaa kofia yake. Nilirudi Handeni.

Simu zikaanza. Nimezima. Nimezima na nimefunga. Wiki zikapita, kaka akapoa, na mimi nikawa nauliza kwa mazoea zaidi kuliko kwa hofu. Hapo ndipo baba alipoanza kunihadithia vyakula.

"Leo nimepika wali na maharage ya nazi," alisema siku moja, sijamuuliza. Kesho yake ikawa ugali, samaki na mchicha. Keshokutwa ndizi na nyama. Sauti yake ilikuwa changamfu mno. Baba ni mtu ambaye ukimuuliza amekula nini hukujibu "chakula", na nazi hajawahi kukuna tangu azaliwe. Nilijaribu kushona, ikashindikana. Nilitoka nje, nikarudi, nikamwambia mwenzangu aniangalizie kibanda. Nilipitia nyumbani nikachukua lile begi kubwa. Sikumpigia baba kumwambia nakuja.

Nilimkuta ameketi kizingitini. Alinyanyuka haraka kunipokea na nikaona suruali imemlegea kiunoni, ameikaza kwa kamba. Nilimpa shikamoo nikampita. Jikoni kulikuwa safi kuliko nilivyowahi kukuona. Kioo kinang'aa, sufuria ya mama kavu kabisa. Mezani palikuwa na kipande cha mkate kilichokauka, maganda ya ndizi mbivu na ya karanga, na kikombe cha maji.

Niligusa kitufe cha kuwasha. Hakuna. Taa ndogo ya kufuli ilikuwa inawaka.

"Limekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu gulio," akasema, yaani siku ya soko la kila wiki.

"Gulio la juzi?"

"La kabla ya hilo."

"Baba, nakupigia simu asubuhi, mchana na jioni! Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unauliza kama limezimwa," akasema. "Lilikuwa limezimwa."

Sijui kama alikusudia kunichoma. Nadhani alikuwa anasema ukweli tu. Nikamuuliza kwa nini basi hakumwambia jirani, akasema jirani ana namba yangu, angenipigia. Akavuta kigoda akaketi. Mikono yake aliiweka magotini, na niliona ncha ya kidole cha shahada imechubuka kwa kukigonga kioo kile, sijui mara ngapi, siku baada ya siku, akiwa peke yake humo ndani.

"Mama," akasema taratibu, "nikilala na njaa, nalala kwangu. Nikikwambia limenishinda, nalala kwako."

Nililia. Sina namna nyingine ya kulisema. Nililia kwa hasira na kwa huruma, na kwa sehemu kubwa nililia kwa sababu begi nilikuwa nimeliacha mlangoni na alikuwa ameliona tangu nilipofika. Simu yangu ikaita. Alikuwa kaka. Mwenzangu wa kibandani alikuwa amemwambia nimeondoka mbio.

"Mzee vipi?"

Baba hakuniangalia. Aliangalia sakafu, akangoja, kama watu wanavyongoja hukumu ya mahakama.

"Amekonda," nikasema. "Alilifunga jiko, akashindwa kulifungua. Hajapika siku nyingi."

"Basi limeshamshinda. Tulikubaliana."

"Limemshinda kulifungua. Kulizima hajashindwa hata siku moja."

"Dada, usinichezee. Unamwacha tena pale?"

"Namwacha."

"Likitokea la kutokea ni lako."

Nikasema ni langu. Nilikata simu, na sina uhakika hata sasa kama nilifanya jambo la busara au nilishindwa tu kuvumilia kumwona mzee yule akingoja vile.

Nilifungua jiko nikapika uji, akanywa vikombe vikubwa viwili. Kisha nikalifunga tena, nikamkalisha mbele yake. Sikushika kitu, alifanya yeye. Kidole kilazwe, kitulie, kisiondoke mpaka lilie. Alikuwa na haraka, anakitoa mapema, na mimi niliyerithi haraka hiyo hiyo kwake ilibidi nikae juu ya viganja vyangu nisimsaidie. Lilipolia, tulifunga tena, tukafungua tena. Kabla sijaondoka nilimpa mapatano mapya, ya sisi wawili.

"Ukiniuliza kitu, chochote, nakujibu kwa simu na sitoki Handeni. Usiponiuliza, ndipo nitakuja na begi."

"Hata kikiwa kidogo?"

"Hata kikiwa cha kijinga."

Akatikisa kichwa kukubali, lakini sikumwamini.

Asubuhi yake sikumpigia, nikangoja yeye apige. Sijawahi kuteseka kama siku ile. Nilifagia kibanda mpaka vumbi likaisha, nikapanga nyuzi kwa rangi, nikazipangua. Mchana, nikiwa nampima mteja kiuno, simu ikaita, nikaiacha tepu imuangukie miguuni.

"Mama, hili la kufuli," baba akasema, "kidole kinakaa mpaka lilie, siyo?"

"Kinakaa mpaka lilie, baba."

Kisha nikasikia kwa mbali, pii.

"Haya. Limekubali."

Jioni alipiga tena kuuliza hilo hilo la kufuli, na nikatambua kwamba hakumbuki kama aliniuliza mchana. Nilimwambia baba kwamba kaka yuko kwake anaangalia taarifa ya habari kwenye runinga, hatusikii, na mimi niko hapa, sina haraka. Nikamweleza upya, polepole, kuanzia kidole.